Mbuzi wa Riat wana wenyewe

Daktari wangu ni mtu wa maneno machache. Aliponipima shinikizo la damu mwanzoni mwa mwaka huu alinitazama kwa jicho la huruma, akaniambia kwamba nikiendelea kuketi mezani jinsi nilivyozoea, makala zangu zitakoma kabla wasomaji hawajazichoka. Akaniagiza nitembee, tena nipande mlima kila nipatapo nafasi. Sisi wakazi wa Kisumu hatuna mlima wa kujivunia. Tuna Riat, safu ya vilima iliyojinyoosha kaskazini mwa jiji kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na huko ndiko nilikoanza kulipa deni la afya yangu.

Jumatano moja ya Februari, jua likiwaka na nyasi zikiwa zimekauka hata zikafanana na mchanga, niliiacha barabara ya Kakamega nikafuata kijia kilichopenya baina ya majabali. Nilipokaribia juu niliketi kupumua. Chini yangu niliuona uwanja wa ndege, kisha Usoma, kisha Ghuba la Winam likimetameta huku magugu-maji yakiwa yamelitandikia upande mmoja mkeka wa kijani. Mara nikasikia kijiwe kikiporomoka nyuma yangu. Nilipogeuka, nilikutana ana kwa ana na beberu.

Hakuwa peke yake. Juu ya majabali walisimama wengine, niliowahesabu wakawa kumi na wawili, majike na watoto wao, kila mmoja kwenye jiwe lake kama wazee barazani. Walinikodolea macho yale ya mbuzi ambayo mboni zake hulala kama mstari, wala hapana aliyekimbia. Nilitazama huku na huku nimwone mchungaji. Hapakuwa na mtu. Nilibisha hodi kwa sauti, ikanirudia sauti yangu mwenyewe kutoka mawe ya upande wa pili. Nakiri kwamba fikira ya kwanza iliyonijia ni kuwa hawa ni mbuzi waliokwisha kurudi mwituni, mali ya hapana mtu.

Fikira hiyo haikunijia bure, nami sitawaficha wasomaji chanzo chake. Nina kipande cha ardhi chini ya vilima hivyo hivyo vya Riat. Nilikinunua miaka kadhaa iliyopita, nikakizungushia ua, nikapanda miche ya miarobaini tisa. Mbuzi waliingia usiku mmoja wa kiangazi, na kulipopambazuka nilikuwa na vijiti tisa. Miezi michache baadaye majirani zangu waliandika barua ya kuomba serikali ya kaunti iwakusanye na kuwaondoa, kwa maneno ya barua yenyewe, "mifugo inayozurura bila wenyewe". Waliniletea niitie sahihi. Niliitia kwa furaha, tena kwa wino mzito.

Basi siku ile kilimani niliwatazama wale mbuzi kwa jicho la mshtaki. Hata hivyo, kadiri nilivyotazama ndivyo ushahidi wangu ulivyonitoroka. Jike mmoja alikuwa na kipande cha kamba shingoni, kimetafunwa mwisho wake. Masikio ya wote yalikuwa yamekatwa pembe ile ile, alama ambayo kila aliyelelewa pande hizi anaielewa. Mmoja aliyechechemea alikuwa amefungwa kitambaa mguuni, na kitambaa hicho kilikuwa safi.

Nikiteremka nilimkuta mama mmoja mzee akianika mihogo juu ya jabali karibu na boma lake. Tulisalimiana, kisha nikamwambia, "Mama, nimekutana na mbuzi kule juu hawana mtu."

"Wana mtu, mwalimu," akanijibu bila kuinua kichwa. Huku kwetu kila mwanamume mwenye miwani ni mwalimu. "Mtu wao yuko shuleni."

Akanieleza kuwa mjukuu wake, aliye gredi ya sita, huwafungua alfajiri, huwapeleka hadi kwenye mawe, kisha huteremka mbio asichelewe. Beberu ndiye huwaongoza mchana kutwa. Kengele ya jioni ikilia kijana hupanda tena na kuwaita, nao hurudi. Wakati wa mvua, mashamba yakiwa na mazao, mbuzi hufungwa kamba. Kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha ghalani, huachiliwa kilimani. Nilimuuliza kama haogopi wezi. Akacheka, akasema wezi anawajua, huja na gari dogo na kuwatia kwenye buti. Lakini gari halipandi mawe.

Jioni ile nilimwandikia mpwa wangu anayesoma Glasgow, nikamsimulia kama mzaha. Alinijibu kwamba naye aliwahi kutembea ukingoni mwa ziwa la Loch Lomond, mahali paitwapo Inversnaid, akakuta mbuzi wenye manyoya marefu na pembe zilizopinda nyuma. Wale hawajui zizi wala kamba. Hapana mtoto wa shule atakayewaita jioni. Huzaa wakati wa baridi kali, na mtoto mwenye bahati ndiye huiona masika. Wenyeji walimsimulia kisa cha Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti wa karne ya 14, kwamba aliwakimbia adui zake akajificha pangoni, mbuzi wakalala mlangoni, na adui walipowaona wametulia vile wakasadiki kuwa ndani hapana mtu, wakaenda zao. Ni hekaya, bila shaka. Lakini nimeirudia moyoni mara nyingi tangu aniandikie.

Kwa maana hao mbuzi wa Uskoti hawakuumbwa mwituni. Wazee wao walikuwa mbuzi wa nyumbani kama hawa wetu, waliokamwa na kuchinjwa na kutajwa kwa majina. Kilichowageuza ni kuondoka kwa watu. Tangu mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, mabwana wa ardhi wa nyanda za juu za Uskoti waliwafurusha wapangaji wao ili kulaza kondoo wa Cheviot mahali palipolala watu, kwa kuwa kondoo walikuwa na faida kubwa kuliko kodi ya maskini. Katika bonde la Strathnaver mwaka 1814 nyumba zilichomwa. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa mahakamani mwaka 1816 na akaachiliwa huru. Katika kisiwa cha Rum, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100, watu wapatao 300 walipakiwa merikebuni mwaka 1826 wakapelekwa Kanada. Leo mtalii akifika Rum huonyeshwa mbuzi wakirukaruka kwenye miamba ya pwani, naye hupiga picha na kuusifu uzuri wa nchi isiyoguswa na mwanadamu. Haambiwi daima kuwa mawe yaliyojipanga mraba chini ya majani ni misingi ya nyumba.

Yafaa tuwe waadilifu. Si kila kundi la mbuzi wa Uskoti lilitokana na kufurushwa huko. Mengine yaliachwa tu wakati ufugaji wa kondoo uliposhinda ule wa mbuzi. Fauka ya hayo, mbuzi asiye na mwenyewe si mnyama wa kuchezea. Huko Pinta, mojawapo ya visiwa vya Galapagos, wavuvi waliwaachilia mbuzi watatu mwaka 1959 ili wapate kitoweo wakirudi. Baada ya miaka kumi na mitano hivi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na kisiwa kimetafunwa hadi udongo. Ilibidi mbuzi wote wamalizwe kwa bunduki. Sisi tulio na visiwa vyenye wavuvi, Mfangano, Takawiri, Mageta na vinginevyo, twaweza kulielewa kosa la wale wavuvi bila kufafanuliwa.

Lakini tofauti baina ya Rum na Riat ndiyo iliyoninyima usingizi. Kote kuwili mtembezi hukuta mbuzi peke yao. Kule mbuzi wako peke yao kwa sababu mtoto aliyewachunga alifukuzwa na ukoo wake mzima. Hapa wako peke yao kwa sababu mtoto yumo darasani. Ukiwatazama mbuzi tu huwezi kuijua tofauti hiyo. Ni lazima uteremke ukaulize, jambo ambalo sisi tuliotia sahihi ile barua hatukulifanya.

Mimi mwenyewe nilichunga. Nililelewa Seme, karibu na mawe ya Kit Mikayi, nyakati ambazo mifugo kuwa bila mtu lilikuwa kosa la mtoto kuchapwa. Mimi na kaka yangu tulipokezana: leo yeye shuleni na mimi machungani, kesho kinyume chake, na jioni tulifundishana kwa mwanga wa kibatari kila mmoja alichokikosa. Nilijua hesabu za kuzidisha lakini za kugawanya zilianguka siku zake, na mpaka leo nikigawa kitu hujitilia shaka. Wenzetu wengi hawakuwa na wa kupokezana naye. Januari 2003 karo ilipofutwa katika shule za msingi, idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka milioni 5.9 mwaka uliotangulia hadi milioni 7.2. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Hatukujiuliza ni nani aliyebaki na mbuzi. Jibu ni hilo nililolikuta kilimani: beberu ndiye aliyebaki nao, na majirani wakimkubalia mambo huenda vyema.

Neno hilo la majirani ndilo kiini cha shauri hili. Desturi ya kuwaachilia mifugo kiangazi haikuwa uzembe. Ilikuwa mapatano. Mavuno yakiisha, shamba la kila mtu lilikuwa wazi kwa mifugo ya kila mtu, mnyama wako akila mabua yangu nami nikipata samadi yake. Aliyefungua mifugo kabla ya wakati alitozwa. Aliyechelewa kuvuna aliharakishwa. Mapatano hayo yalihitaji watu wanaojuana na ardhi isiyokatwa na kuta. Kisumu ilipopata hadhi ya jiji mwaka 2001, na hasa baada ya hapo, wenye fedha waliitazama Riat wakaona upepo mwanana na mandhari ya ziwa. Hati zilibadilishwa majina, mawe yakapasuliwa, kuta zikapanda na juu yake nyaya za umeme. Hakuna sheria iliyovunjwa. Aliyeuza aliuza kwa hiari, mara nyingi ili amlipie mwanawe karo ya chuo, na aliyenunua, mathalani mimi, alilipa. Lakini kila ukuta ulipokamilika, kijia kimoja cha mbuzi kilizibwa, mpaka waliposalia na mawe ya juu na barabara ya lami ya chini. Kisha tukawaona barabarani tukasema wanazurura.

Sisemi kwamba kuta ni jambo geni kwa Wajaluo. Atakaye kuona kuta na aende Thimlich Ohinga kule Migori, mahali palipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018. Kuta zile zilijengwa kwa mawe makavu yasiyo na udongo wala saruji, yapata miaka 500 iliyopita, na zimesimama zikiwa ndefu kupita mtu. Ndani yake mna alama za nyumba, na katikati mna mazizi. Waliojenga walizungushia ukuta watu na wanyama wao pamoja. Kuta zetu za Riat zimewazungushia watu na magari yao, na mnyama pekee aliye ndani ni mbwa. Hata boma lililohamwa, tunaloliita gunda, lenye minyaa iliyokomaa na makaburi yaliyodidimia, huheshimiwa kwa sababu lina wenyewe ijapokuwa hawaonekani. Mtu wa hapa hujengi juu ya gunda la watu bila kuuliza. Iweje basi tuone mbuzi mwenye kamba shingoni na kitambaa safi mguuni tukatamka kuwa hana mwenyewe?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa mbuzi hutafuna miche, na kwamba serikali iliyotangaza Desemba 2022 kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 haiwezi kufanikiwa huku kila mche ukiwa chakula. Nakubali, vijiti vyangu tisa ni ushahidi. Kilima kilicho uchi huteremsha maji kwa fujo, na wakazi wa Otonglo walio chini ndio wanaoamka usiku kuinua magodoro. Nitaambiwa pia kuwa mbuzi barabarani humwangusha mwenye bodaboda. Hilo nalo ni kweli. Lakini tazameni vilima hivyo tena: palipochimbwa mawe ya kujengea hapajaota mti wala jani, na shimo la machimbo halikuchimbwa na kwato. Mbuzi ana sehemu yake katika lawama, nasi twampa yote kwa kuwa hana wa kumjibia mchana.

Kuna jambo jingine la ajabu. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mbuzi walioishi juu ya mlima wa Great Orme waliteremka katika mji wa Llandudno, huko Wales, wakala ua wa maua ya watu na kulala makaburini. Ulimwengu mzima ulifurahi. Picha zao zilioneshwa hata kwetu, tukatabasamu. Mbuzi akionekana karibu na soko la Kibuye huitwa aibu ya jiji. Papo hapo, ufukoni mwa jiji hili, tuna hekta 34 zilizotengwa mwaka 1992 kwa ajili ya swala, nazo nazipenda. Huwapeleka wajukuu wangu huko. Swala ni wa mwitu, akapewa makao mjini na mlinzi wa kumlinda. Mbuzi ni wa nyumbani, analipa sare za shule na dawa za nyanya, naye anaandikiwa barua ya kuondolewa.

Sifikirii kwamba Riat itakuwa Rum. Hapana bwana mmoja wa ardhi huku, wala merikebu haingoji bandarini. Ila tusijidai kuwa kuwaondoa watu ili kupisha mipango ni habari za Uskoti pekee. Februari 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos, jamii iliyoishi hapo kwa vizazi, zilibomolewa ili kupisha reli, na maelfu ya watu wakalala nje. Huko Riat mambo yatakuwa ya polepole na ya adabu zaidi. Mbuzi watakamatwa, faini itatozwa inayokaribia thamani ya mbuzi, mama yule atawauza waliosalia, kisha atauza kipande chake, na kijana wa gredi ya sita atahamia mahali pasipo na mawe. Hapana nyumba itakayochomwa. Nasi tutapata mandhari tulivu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti udhibiti wa wanyama na ustawi wao pia. Tumezoea kuisoma nusu ya kwanza ya fungu hilo. Kabla ya kuidhinisha ukataji wa viwanja vingine Riat, kaunti na iamuru vijia vya mifugo viachwe baina ya kiwanja na kiwanja, upana wa mbuzi wawili kupishana, na mawe ya juu yasiyojengeka yabaki malisho. Miche ipandwe humo na kuzungushiwa miiba mpaka iuzidi urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Tusipime akiwa ameinama, maana huo ndio ulaghai ulioniponza. Na mbuzi akikamatwa barabarani, wa kwanza kuitwa awe mzee wa kijiji, ambaye huyajua masikio ya mbuzi wote wa eneo lake, kabla ya lori la kaunti.

Majirani zangu wanakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuijadili upya ile barua, kwa kuwa haijajibiwa. Nimemwomba katibu alifute jina langu, na kama hilo haliwezekani, yafutwe yale maneno mawili ya mwisho, "bila wenyewe". Ni mtu mwungwana. Ameniambia nije nitoe hoja yangu, tena nije na mwenye mbuzi ili asikizwe. Nimemjibu kwamba tutakuja sote watatu, mimi, mama yule na mjukuu wake, mradi mkutano usianze kabla ya saa kumi.